Picha za Mama Yako Nilizifuta Mimi

Kiminini
Jumamosi, saa tisa alasiri

Nafula mwanangu,

Salamu nazipitisha haraka, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na najua hujambo. Wewe uko Kanduyi unamuaga kukhu, mama wa mama yako, kesho unaondoka kwenda Meru kuanza masomo ya uuguzi, na mimi nimefunga saiba, hili duka letu la kompyuta, kabla ya saa yake na kubandika karatasi mlangoni inayosema nimefiwa. Sijafiwa. Lakini hapa Kiminini ukiandika sababu nyingine yoyote watu wataendelea kubisha, huyu anataka fotokopi moja tu, yule simu yake imekataa kuwaka, na leo nataka kukuandikia bila kukatizwa.

Barua za mzazi kwa mtoto anayeondoka nazijua vizuri, nimewachapia wengi. Mtoto anaambiwa achague marafiki, asome kwa bidii, asisahau kanisa, ajihadhari na baridi ya huko aendako. Hayo yote umeyasikia kwa mama yako mdogo Rosa, kwa mchungaji, na juzi kwa yule mama wa mboga aliyekushika mkono dakika ishirini. Sina la kuongeza. Sanduku umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi.

Mimi nakuandikia kwa sababu nina aibu. Nitalisema sasa hivi kabla sijaanza kulizungusha, maana kuzungusha maneno ni kazi ninayoiweza. Picha za mama yako hazikufutwa na simu yako, wala hazikufutwa na wewe. Nilizifuta mimi, mchana kweupe, nikiwa nimeketi kwenye kompyuta ya kazi. Nimejua hivyo tangu siku ile ile ulipoona hazipo. Na kwa mwaka mmoja na nusu nimeacha watu waseme ni wewe.

Nadhani ulijua. Ndivyo nimekuwa nikijiambia, kwamba wewe ni mtoto mwerevu, uliligundua mapema na ukaninyamazia kwa heshima. Hata kama ni hivyo, nataka ulisikie likitoka kwangu, na nataka ulisikie lote, pamoja na sehemu ambazo huwezi kuwa ulizijua.

Akaunti ile ya picha aliifungua mama yako, si mimi. Mimi ndiye fundi, lakini yeye ndiye aliyekaa chini siku nzima akaunganisha simu yake, simu yangu na kompyuta ya saiba, ili akipiga picha shambani Kamukuywa, mimi niione hapa kabla hajafika nyumbani. Alinieleza kwamba kompyuta yetu ni ndogo, haiwezi kubeba picha zote, kwa hiyo zile kubwa zenyewe zinakaa huko mtandaoni, huko wanakokuita kwenye wingu, na hapa kinabaki kipicha kidogo tu cha kuonyesha kwamba kubwa lipo. Ukikibofya, kubwa linashuka. Alinieleza zaidi ya mara moja. Nami nilimwitikia "mm", vile nilivyokuwa nikimwitikia nikiwa na kazi mkononi.

Alipofariki tukakupa wewe simu yake. Ulikuwa kidato cha tatu. Nilikuona ukikaa nayo kwenye ngazi ya jikoni ukitazama ile video ya kuku, yule kuku mwekundu aliyezoea kuingia jikoni, mama yako anamfukuza na mwiko, wewe unacheka mpaka simu inatikisika, na yeye anasema, "Nafula, weka hiyo simu chini uje unisaidie." Uliitazama mara nyingi hivi kwamba mimi nikiwa sebuleni nilijua sehemu gani imefika. Sikuwahi kuja kukaa nawe tuitazame pamoja. Hilo nalo linaniuma, lakini si hilo nililokalia kuandika.

Kukhu alikuwa ameomba picha moja. Unajua mambo yetu na wakwe. Tangu nimwoe mama yako sijawahi kumpa kukhu mkono, wala kula naye chumba kimoja. Akija hapa, yeye anakaa ndani na mimi naongea nikiwa uani. Likiwa neno zito, halitoki kwangu kwenda kwake moja kwa moja, linapitia kwa mtu. Zamani lilipitia kwa mama yako, na baada yake likawa linapitia kwako. Basi kukhu alikutuma uniambie anataka ile picha ya mtoto wake Judith akiwa na kitenge cha njano, ameketi juu ya mahindi yaliyovunwa, punje zimemwingia kwenye nywele, anacheka. Alitaka niichape kubwa aitundike ukutani kwake.

Mimi ninayewachapia watu wa Kiminini yote programu za mazishi, picha ya marehemu ukurasa wa mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma, nilichukua miezi saba bila kumchapia mama mkwe wangu picha ya mtoto wake. Nilikuwa nasema wiki ijayo. Ukweli ni kwamba nilishindwa kuifungua. Kila nikifika kwenye picha zile nilikumbuka kwamba kuna mteja.

Halafu ikaja Agosti, na kompyuta ikaanza kunisumbua kila asubuhi kwamba toleo jipya la mfumo liko tayari. Wewe ulikuwa likizo, unanisaidia kaunta. Uliniambia, "Baba, kwanza tuweke picha kwa flashi, ndio uendelee." Nakumbuka nilivyokujibu. Nilisema nilianza kufanya kazi hii kabla hujazaliwa. Wewe ukarudi kwenye mashine ya fotokopi na hukusema tena.

Nikaliweka lile toleo jipya. Lilipomaliza, kompyuta ikawaka vizuri, printa ikafanya kazi, nikatamba. Siku ya pili nikasema leo namchapia kukhu picha yake. Nikafungua mahali pa picha, nikakuta miraba ya kijivu. Mamia ya miraba ya kijivu, na hapa na pale uso wa mtu uliofifia. Ukibofya, duara dogo linazunguka, linazunguka, kisha inakwambia usawazishaji umesimama, yaani vifaa vimeacha kupeana picha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nikitembea na macho yamefumbwa. Lile toleo jipya lilikuwa limenitoa kwenye akaunti, kama yanavyofanya mengi. Diski ilikuwa imejaa. Bando nalo lilikuwa limebaki kidogo, na kompyuta ilikuwa inajaribu kupanga upya picha za miaka sita kwa bando hilo. Ilihitaji mambo matatu tu, niingie upya kwenye akaunti, nipunguze mizigo ya wateja kwenye diski, na niiache ifanye kazi yake hata siku tatu. Mteja angekuja na shida hiyo ningemwambia hivyo hivyo, na ningemwambia kwa madaha.

Lakini niliingia kwenye akaunti nikaishia hapo. Miraba ilikuwa bado ya kijivu. Nikaona hizi zimeharibika wakati wa kubadilisha mfumo, na picha nzima ziko salama huko mtandaoni na kwenye simu yako. Nikasema nitafuta hizi mbovu, diski ipate nafasi, kisha zitashuka upya zikiwa safi. Nikachagua zote. Ikaniuliza kama nina hakika, na ikaniambia kwa maneno yanayosomeka kabisa kwamba zitaondolewa kwenye vifaa vyote. Nafula, mimi huwafokea wateja wasiosoma kilichoandikwa kwenye skrini. Nilibonyeza ndiyo, nikaenda kununua maandazi.

Asubuhi yake ulikuja saiba ukiwa umevaa kandambili, mbio. Familia moja ya kutoka Kamukuywa ilikuwa imeketi kwenye benchi inangoja programu za mazishi ya mzee wao, watu sita au saba. Uliingia ukasema, "Baba, picha za mama haziko."

"Haziko vipi?"

"Hakuna hata moja. Nimeamka nikaangalia, simu iko tupu."

Nilijua. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kulifunga kasha la karatasi. Niligeukia kompyuta, nikaona penye miraba napo peupe, nikajua kwamba kufuta kwangu kumepanda mtandaoni na kushuka kwenye simu yako wakati umelala. Na watu sita wananitazama, watu walioniamini niwaandikie wasifu wa baba yao.

Nikakuuliza, "Umebonyeza nini?"

Ulisema hukubonyeza kitu. Nikatikisa kichwa, nikawageukia wale watu nikacheka kidogo, nikasema, "Watoto na simu, hawa!" Mmoja wao akaitikia, "Ati hata wangu aliniharibia simu wiki jana, bana. Hawasikii." Wakacheka wote. Wewe ulibaki umesimama katikati ya watu wanaocheka, umeshika simu ya mama yako kwa mikono miwili.

Nimeandika sentensi hiyo nikatoka nje kidogo, ndipo nikarudi.

Kama ningekuita baadaye nikakwambia, labda ingekuwa jambo la siku moja. Badala yake jioni uliniuliza kama hakuna mahali picha zinaenda zikishafutwa, kama tupio hivi. Nikakwambia usiguse kitu chochote kwenye simu hiyo, utaharibu zaidi, niachie mimi. Ulitii. Najua ulitii kwa sababu simu uliiweka juu ya kabati, na ukitoka shuleni ulikuwa unaitazama tu bila kuifungua.

Tupio lilikuwepo. Nilikukataza kwa sababu niliogopa kwamba ukilifungua utaona zilifutwa kutoka wapi. Nilipanga kuzirudisha mwenyewe kimya kimya, nikupe simu, nionekane fundi. Nilidhani zinakaa huko siku sitini. Basi nikaahirisha. Kulikuwa na mitihani ya shule za hapa ya kuchapa, kulikuwa na mazishi mawili, na kila nikiitazama simu ile juu ya kabati nilisikia aibu, nikaona afadhali kesho. Watu husema wameahirisha jambo kwa sababu ya kazi. Mimi niliahirisha kwa sababu kulifungua tupio kulikuwa ni kukiri.

Siku niliyoichukua nikalifungua, hapakuwa na kitu. Nikapanda gari nikaenda Kitale, kwenye duka moja la kompyuta ambako hawanijui. Dada mmoja wa makamo alinisikiliza. Nilimwambia ni shida ya mteja wangu.

"Hiyo miraba haikuwa imeharibika," akasema. "Ni alama tu, picha yenyewe iko huko juu. Huyo mteja wako angengoja tu."

"Na akifuta?"

"Akifuta hapa inafutika kila mahali. Si hiyo ndiyo maana ya kusawazisha, mzee? Lakini inakaa kwa tupio siku thelathini. Alifuta lini?"

Nikahesabu. Nikamwambia siku thelathini na nne.

Alinitazama, na nadhani alielewa mteja ni nani. Akasema, "Aki pole sana. Kwa hiyo zilikuwa hapo mwezi mzima zikimngoja." Alijaribu diski yetu, lakini kubwa hazikuwahi kukaa kwenye diski. Simu nayo mama yako aliipanga kubana nafasi, haikuwa na kubwa hata moja. Dada yule hakutaka nimlipe. Nilitoka dukani nikapita stendi, nikapita soko, nikatembea mpaka nikajikuta karibu na njia ya kwenda Kapenguria bila kujua ninakwenda wapi.

Mwezi mzima, Nafula. Simu iko juu ya kabati, video ya kuku imo ndani, kitenge cha njano kimo ndani, na wewe unaipita kwenda shuleni na kurudi kwa sababu baba yako alikwambia usiguse.

Unaweza kudhani ni jambo lililonipata mara moja, kwamba nilikuwa na majonzi na nikateleza. Nilikuwa na majonzi, lakini tabia hii ni ya zamani. Ulipokuwa mdogo niliwahi kuchapa programu za mazishi nikaweka picha ya marehemu mwingine ukurasa wa mbele, mama wa watu akafunguliwa ibada chini ya uso wa mzee wa familia nyingine. Wenyewe walipokuja wamefura, nilisema ni mke wangu aliyepanga kurasa. Mama yako alikuwa amesimama pale. Akawaomba radhi, akachapa nakala zote upya. Tulipofika jikoni ndipo akaniambia, "Baba Nafula, wewe ukikosea unatafuta mtu wa kumvisha." Nilikasirika siku mbili. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenijua.

Alipokufa, aliyebaki karibu yangu wa kuvishwa ukawa wewe.

Kisha kukhu akauliza tena picha yake. Sasa ningefanya nini, niende Kanduyi nikakae mbele ya mama mkwe nimwambie nimemfuta mtoto wake? Nilijificha kwenye desturi. Nilisema, mkwe haongei na mkwe neno kama hilo, litapitia kwa mtu. Nikakutuma wewe. Nakumbuka maneno niliyokupa, niliyachagua kama mtu anayechagua nyanya. "Mwambie kukhu picha zilifutika kwenye simu." Sikusema nani. Niliona nimekuwa mjanja, kwamba sikusema uongo. Ulikwenda Jumamosi, ukarudi jioni, ukasema, "Nimemwambia." Nikauliza alisemaje. Ukasema, "Alisema ni sawa." Sikukuuliza zaidi kwa sababu sikutaka kujua zaidi.

Na Desemba, kwenye ukumbusho wa mwaka mmoja kule Kamukuywa, ulikuwepo na ulisikia. Watu wote wameketi chini ya hema, kaburi limeshajengewa vizuri, na Rosa akasimama kuongea kwa niaba ya upande wa mama yako. Aliongea vizuri mpaka alipofika kwenye picha. "Tungetaka muone sura ya dada yangu hapa mbele," akasema, "lakini mtoto alipewa simu ya mama yake, akafuta yote. Sasa tutafanya nini? Ni mtoto." Watu wakaguna. Wengine wakageuka kukutafuta. Wewe ulikuwa kwenye safu ya pili, umevaa ile sweta ya shule kwa sababu ndiyo nyeusi pekee uliyokuwa nayo, ukainama.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza ratiba siku hiyo. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Rosa alipoketi, watu wote walinitazama, na kulikuwa na nafasi, nafasi ya kutosha kabisa ya mtu kusema maneno matatu. Nikaita kwaya.

Sitakwambia usamehe. Sijui hata kama ningependa unisamehe haraka. Ninachotaka kukwambia ni kitu kimoja kinachohusu kazi unayokwenda kujifunza, na sikisemi kama mtu anayejua bali kama mtu aliyekifanya vibaya. Huko wadini kuna siku utakosea. Utampa mgonjwa dawa ya kitanda cha pili, au utaandika namba kinyume. Na wakati unagundua, moyo umekuruka, kutakuwa na mtu mdogo kuliko wewe amesimama karibu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mfagizi, mtu asiyeweza kukujibu. Najua jinsi ulimi unavyokimbilia kwake. Haumalizi hata sekunde. Siku hiyo umkumbuke baba yako, ufanye kinyume.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimepanga nikunje karatasi hizi, niziweke ndani ya sanduku chini ya yale mashuka mapya, uzione ukiwa umeshafika Meru. Lakini simu imelia, na sasa imebidi niendelee kuandika.

Ilikuwa namba ya kukhu. Tangu nimwoe mama yako hajawahi kunipigia yeye mwenyewe. Nilisimama wima hapa ofisini kana kwamba ameingia mlangoni.

"Baba Nafula."

"Naam, mama."

"Usishtuke, ni mimi nimepiga. Mtoto ametoka hapa saa hii, amechukua gari ya Kiminini."

"Asante, mama."

"Ngoja. Iko neno. Huyu mtoto amelia hapa kwangu sana. Ati anauliza kama nilimsamehe kabisa, ama nilimsamehe na mdomo tu."

Nikauliza, "Kusamehewa nini, mama?"

"Si hiyo mambo ya picha? Ile siku ulimtuma, alipiga magoti hapa kwa mlango akasema, kukhu, ni mimi nilifuta mama. Ati sijui nilibonyeza wapi, lakini baba amesema ni kwa simu yangu. Nikamwinua. Nikafikiri iliisha. Kumbe ameibeba mpaka leo. Wewe ni baba yake, si uongee na yeye? Mtoto hawezi enda mbali hivyo na mzigo kama hiyo."

Nafula, nilikuwa na nafasi nyingine hapo. Ningeweza kusema, sawa mama, nitaongea naye. Ulimi wangu ulikwishaanza.

Nikasema, "Mama, si yeye."

Nilisikia kuku wa kwake, na mtu akikwangua sufuria.

"Ni nani?"

"Ni mimi. Kwa kompyuta ya kazi. Nilijua siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Ndiyo, mama."

"Na ukatuma yeye."

"Ndiyo."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, si ya hasira, na ningependa ingekuwa ya hasira, "Mtoto wa Judith akapiga magoti kwangu juu yako."

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Mimi usiniombe saa hii. Mwambie yeye."

"Namwandikia barua, mama. Niko naandika."

"Barua ya kusomea wapi? Huko peke yake? Hapana. Mwambie akikuona na macho. Na Rosa utamwambia wewe mwenyewe, mimi sitakubebea." Akakata.

Kwa hiyo hukujua. Pale juu nimeandika kwamba nadhani ulijua, na ningeweza kuanza ukurasa upya, lakini naiacha sentensi hiyo uone jinsi nilivyokuwa nikijibembeleza. Nilikuwa nikikutazama mezani, umenyamaza, nikasema moyoni, ananistahi baba yake. Wewe ulikuwa umenyamaza kwa sababu uliamini umemfuta mama yako. Uliniamini mimi kuliko ulivyoamini vidole vyako mwenyewe. Ulimaliza kidato cha nne ukiwa na jambo hilo kifuani, ukafanya mtihani nalo, ukafaulu nalo, na mimi nikachinja kuku nikaalika majirani.

Nimefanya jambo moja kabla ya kurudi kwenye karatasi hii, na najua halitoshi. Lile kundi la simu lililoundwa kwa ajili ya ukumbusho bado lipo, watu wa Kamukuywa na watu wa Kanduyi, wote waliokuwa chini ya hema. Nimeandika humo: "Picha za Judith nilizifuta mimi kwa kompyuta yangu. Nafula hakuhusika. Nilijua na nikanyamaza, hata siku ya ukumbusho nikiwa na kipaza sauti." Nimetuma. Rosa ameisoma. Hajajibu kitu. Nikampigia, akapokea, nikarudia kwa mdomo, akasema, "Haya, shemeji," basi. Nadhani kwa muda mrefu hatasema zaidi ya hapo, na ana haki.

Karatasi hizi hazitaingia kwenye sanduku. Gari lako haliko mbali, pengine limeshapita Webuye. Nakwenda nyumbani sasa. Ukifika utavua viatu, utakunywa maji, kisha nitakupa barua hii mkononi, kwa sababu najijua, nikianza kwa mdomo nitapunguza hapa na kuongeza pale. Wewe utasoma, nami nitakaa kwenye kiti kinachokutazama na sitasimama, sitapokea simu, sitaenda kuangalia kama geti limefungwa.

Kwa hiyo kama umefika kwenye mstari huu, mimi niko mbele yako. Hukumfuta mama yako, Nafula. Inua uso mwanangu, unitazame, useme.

Baba yako